Dakika Tano za Host: Kulala Keja ya Bei Poa Karibu na Kasarani

Ka sherehe iko Kasarani na we ni msee wa Rongai, ticket si shida yako. Shida ni saa tisa usiku. DJ amezima, simu iko 2%, na cab imepanda bei utadhani unapelekwa Naivasha. Hapo ndio keja ya usiku mmoja inaingia.

Cheki ramani. Stadi ya Kasarani ilijengewa All-Africa Games za 1987. Compound hiyo hiyo ndio iko na Laureate Gardens, penye wasee wa Blankets & Wine hupiga luku ya doo mob kisha wanaketi kwa nyasi. August 2025 final ya CHAN ilichezewa hapo, Morocco ikanyorosha Madagascar 3-2. Siku ka hizo, kila msee wa Thika Road mwenye bedsita na godoro ya ziada anajiita host.

Capital ya hizi keja ni Roysambu. TRM Drive, Lumumba Drive, Mirema, we chagua. Ukiona moja umeona zote: nyasi ya plastiki kwa ukuta, taa ya purple, na neon inasema Good Vibes Only. Maze, nani aliwauzia hizo neon? Chumvi hakuna, sufuria haina mfuniko, lakini vibes ziko. Good. Only.

Bei ya bedsita siku ya kawaida hucheza ngiri na punch, ngiri mbili. Poster ya show ikitoka tu, inaruka. So book mapema, kabla host ajue nani anaperform. Na usitume deposit kwa namba ya stranger ju ya picha smart. Hiyo picha pia mimi naeza download.

Sasa tukuje kwa "dakika tano kutoka stadi". Kila host huandika hivyo. Dakika tano za nani? Eliud Kipchoge alimaliza marathon Vienna 2019 kwa 1:59:40, yaani kilomita moja kwa dakika mbili na sekunde hamsini. Ka keja iko kilomita tatu, Eliud mwenyewe atatoka mbio afike na dakika nane na nusu. Na hajavaa heels. Na hajabeba manzi amevaa heels. Uliza jina ya stage, halafu upime kwa map mwenyewe.

Uliza maji pia. Huku mtaani maji hukuja ikijiskia. Ka shower ni ya stima, uliza token ni za nani, ju kuna hosts hukuachia unit mbili halafu wanaingia mitini. Stima inaisha ukiwa na povu kwa macho, giza totoro, hata neon imezima. Vibes pia zimeenda. Na uliza floor. "Top floor with a view" ni kusema hakuna lift, na view ni nguo za majirani.

Aibu kubwa lakini ni kusmuggle mbogi. Umelipia wawili, mko saba, mnaingia mmoja mmoja mkijifanya hamjuani. Soja amewasoma kutoka gate. Anataka ID ya kila mtu, na usimkasirikie. Kwa hii moja sichezi: January 2024 madem waliuawa kwa hizi short stays, mmoja hapa hapa Roysambu. So msupa, tumia mabeshte location na jina ya host kabla ya kuingia, na ka kuna kitu haijakaa poa, toka. Doo italipwa tu.

Wazazi nao? Mbuyu akiskia umelipia kitanda Nairobi hii, anashika kichwa. "Si ungelala kwa auntie yako Zimmerman?" Ati ni free. Free wapi! Kwa auntie unalala kwa kiti ya velvet umefunikwa kitambaa cha meza. Saa kumi na moja asubuhi redio ya gospel imewaka. Chai inakuja na maswali: unafanya kazi wapi, huyo binamu yako alioa lini, we unangoja nini. Saa mbili uko kanisani na jana bado inakunukia kwa shati. Ngiri mbili ya bedsita ni discount, wacha nikuambie.

Checkout ni saa nne, na mama wa kufagia atagonga saa tatu na nusu. Amka, nunua smocha hapo kwa gate, panda mathree urudi town. Zimma usipitie. Ka ni lazima, vaa hoodie, ju Sunday after church auntie hukaa kwa balcony.