Kabla ya Kulipia Ahadi ya Miti

Baadhi ya bidhaa na huduma huuzwa zikiambatana na ahadi kwamba sehemu ya bei itatumika kupanda miti, nayo miti hiyo itafidia hewa ukaa iliyozalishwa. Mtumiaji anayelipa zaidi kwa sababu ya ahadi hiyo ana haki ya kujua anachonunua. Idadi ya miti pekee haitoshi kumjulisha. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, unaonesha sababu zake.

Katika vihamba vya Wachaga, migomba na mikahawa hustawi chini ya kivuli cha miti mikubwa. Juu ya vihamba, kuanzia takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, huanza msitu wa asili. Upande wa kusini, wenye mvua nyingi, humea mikulo. Upande wa kaskazini, ulio mkavu zaidi, humea mitarakwa. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mkukusu uliomo katika bonde mojawapo la mlima huo una urefu wa mita 81.5, na hivyo kuwa mti mrefu kuliko yote iliyokwisha kupimwa barani Afrika. Kuanzia karibu mita 3,000 aina za miti hupungua na vimo vyake hufupika, hadi kubaki vichaka.

Karibu nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni. Kwa hiyo mti mmoja mkubwa huweza kuhifadhi kaboni nyingi kuliko mamia ya miche. Utafiti wa misitu ya milimani katika nchi 12 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2021, ulikadiria wastani wa tani 149 za kaboni kwa kila hekta, kwa kupima miti hai juu ya ardhi pekee.

Misitu mifupi ya juu nayo isidharauliwe. Baridi huchelewesha kuoza kwa majani na mizizi, hivyo kaboni nyingi hubaki udongoni. Moto ukiingia huko, hasara yake huzidi vichaka vinavyoonekana kuungua.

Aidha, wingi wa kaboni si kipimo cha wingi wa viumbe. Shamba la misindano hukua haraka na kuhifadhi kaboni, lakini ni la aina moja ya mti, na hatimaye huvunwa.

Kabla ya kulipa, mtumiaji aulize:

1. Miti hiyo iko wapi, katika mwinuko gani, na ni ya aina gani? Mti unaostawi bondeni huweza kufa mlimani.

2. Fedha zinalinda msitu uliopo au zinapanda miche? Ikiwa ni miche, nani ataitunza, na kwa miaka mingapi?

3. Nani amehakiki hesabu ya kaboni? Nchini Tanzania, biashara ya kaboni ina kanuni za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Muuzaji akishindwa kujibu, ichukulie ahadi yake kuwa tangazo tu, wala usiilipie. Ukiwa umekwisha kulipa, hifadhi risiti pamoja na nakala ya tangazo, kwani ndivyo vitakavyothibitisha lalamiko lako. Msitu uliochukua karne kadhaa kukua haufidiwi kwa miche ya msimu mmoja.