Ubadilishaji wa injini ya pikapu

Ubadilishaji wa injini ya pikapu ni kazi ya kuondoa injini iliyochoka au kuharibika katika gari dogo la mizigo na kuweka nyingine mahali pake. Injini mpya inaweza kuwa ya aina ileile au ya aina tofauti. Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo ni ya kawaida, kwa sababu fremu ya pikapu mara nyingi hudumu kuliko injini yake ya kwanza, na injini ya mtumba huuzwa kwa bei ndogo kuliko gari lingine zima.

Injini inayofaa si lazima iwe ile yenye nguvu zaidi. Ni ile inayolingana na giaboksi, breki na mfumo wa kupooza wa gari, na ambayo vipuri na mafundi wake wanapatikana mahali gari linapofanya kazi.

Kuthibitisha kwamba injini imekwisha

Moshi peke yake si ushahidi wa kutosha. Katika injini ya dizeli, moshi mweusi huonyesha kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa. Chanzo chaweza kuwa chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu, na vitu hivyo hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi wa bluu huonyesha kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto waweza kutokana na maji yanayoingia kwenye silinda, au dizeli isiyoungua vizuri.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kupima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Ikiwa silinda zote zimeshuka, ringi na kuta za silinda zimelika. Ikiwa ni moja tu, au mbili zinazopakana, huenda tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi.

Injini iliyolika inaweza kufumuliwa: silinda huchongwa, pistoni, ringi na beringi huwekwa mpya, na krenki husawazishwa. Kubadilisha injini nzima hufaa pale bloku ilipopasuka, au krenki ilipokwisha kuchongwa hadi kipimo cha mwisho.

Mfano: Toyota Hilux

Toyota Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968. Miongoni mwa injini za dizeli zilizofungwa katika matoleo yake ya miaka ya 1980 na 1990 ni zile za jamii ya L, zenye silinda nne. Tatu kati yake ni hizi:

- 2L: upana wa silinda mm 92, mwendo wa pistoni mm 92, ujazo sm³ 2,446
- 3L: upana mm 96, mwendo mm 96, ujazo sm³ 2,779
- 5L: upana mm 99.5, mwendo mm 96, ujazo sm³ 2,986

Ujazo hupatikana kwa kanuni ya mcheduara. Kwa 3L, nusu ya upana ni sm 4.8, kipeo chake cha pili ni 23.04. Zidisha kwa 3.1416, kisha kwa mwendo wa sm 9.6, kisha kwa silinda 4: jibu ni takriban sm³ 2,779.

Kwa kuwa injini hizi ni za jamii moja na zinafanana sana kwa umbo la nje, mwenye Hilux ya 2L anaweza kuweka 3L bila kubadilisha mambo mengi. Pampu ya kawaida ya injini hizo hufanya kazi bila kompyuta, na fundi wa mji mdogo anaweza kuihudumia. Zote hutumia mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu. Kwa hiyo injini ya mtumba hufungwa mkanda mpya kabla ya kuwashwa.

Injini ya 1KZ-TE ina ujazo wa sm³ 2,982, turbo, na pampu inayoongozwa na kompyuta. Ina nguvu kubwa kuliko 3L, lakini inahitaji kompyuta yake, nyaya na vihisio vyake, mauntingi tofauti na giaboksi inayolingana nayo, pamoja na rejeta yenye uwezo zaidi. Anayenunua injini hiyo bila vitu hivyo amenunua nusu tu.

Kutoka petroli kwenda dizeli

Injini ya petroli, kama 22R ya sm³ 2,366, huvuta hewa kupitia kabureta, na mvuto huo ndio unaosaidia breki. Injini ya dizeli ya kawaida haina mvuto wa namna hiyo. Katika jamii ya L mvuto wa breki hutoka kwenye pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alteneta. Alteneta isiyo na pampu hiyo ikifungwa, gari litawaka na kwenda vizuri, lakini pedali ya breki itakuwa ngumu sana. Kwenye mteremko, likiwa na mzigo, hilo ni jambo la uhai na kifo.

Tangi na mipira ya mafuta pia husafishwa, hufungwa mpira wa kurudisha dizeli kwenye tangi, na betri huwa kubwa zaidi.

Kukagua injini ya mtumba

Injini nyingi za mtumba huja kutoka Japani, baadhi zikipitia Dubai. Mnunuzi hutazama mambo yafuatayo:

- Namba iliyogongwa kwenye bloku, ambayo huanza na jina la injini, kwa mfano 3L
- Krenki izunguke kwa mkono bila kukwama
- Njia za maji zisiwe na kutu nyingi, na oili isiwe na rangi ya maziwa
- Mgandamizo wa silinda zote ukaribiane
- Injini iwashwe, na mfuniko wa oili ufunguliwe. Moshi mwingi unaosukumwa nje kwa nguvu huonyesha ringi zilizokwisha

Chanzo cha uharibifu wa kwanza

Injini nyingi hufa kwa joto. Rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka ikiachwa, itaua injini ya pili kama ilivyoua ya kwanza. Kwa hiyo bajeti ya kubadilisha injini hujumuisha kusafisha rejeta, mipira mipya ya maji, thamostati, machujio, oili na sahani ya klachi.

Usajili

Namba ya injini huandikwa kwenye hati ya gari pamoja na namba ya chasisi. Nchini Tanzania usajili wa magari uko chini ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na nchini Kenya chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Injini ikibadilishwa, taarifa hizo hurekebishwa. Risiti na hati za forodha za injini hutunzwa, kwani ndizo zinazoonyesha kwamba injini haikuibwa. Namba zisipolingana, mwenye gari anaweza kupata shida mbele ya polisi, kwa mnunuzi, au anapodai bima baada ya ajali.