Tani 56 peke yake haitoshi

Nilisindikiza yaya yangu, shofere wa kamio ya shaba, toka Lubumbashi kwenda Lusaka. Kwenye mizani moja ya Zambia tukasimamishwa. Nikabisha: tuko na tani 53, sheria yao inaruhusu 56!

Kumbe wanapima na ekseli, ule mtaimbo unaoshika magurudumu. Ekseli tatu za nyuma zikiwa pamoja, mwisho ni tani 24. Zetu zilibeba 26, sababu vibunda vilirundikwa nyuma. Wahandisi wanahesabu hivi: uzito wa ekseli ukizidi mara 2, lami inaumia karibu mara 16.

Tulilala pale siku mbili tukipanga mzigo upya. Aliyepakia ni mwingine. Faini alilipa yaya.