Mvua ya Ziwa na Mvua ya Msimu



Kila mwaka ifikapo Februari, watu huja ofisini petu na swali lile lile: “Karani, jana mvua imenyesha sana. Je, nipande?” Swali ni jema, na anayeuliza amekwisha nunua mbegu kwa fedha zake. Lakini mvua ya siku moja haitoshi kulijibu.

Yafaa kwanza kutofautisha mambo mawili. Hali ya hewa ni jambo la leo na kesho: jua, upepo, mawingu. Tabia ya nchi ni jumla ya hali za hewa za miaka mingi, na wataalamu huhesabu miaka 30. Ni kama jirani mgeni: leo waweza kumwona amekasirika, lakini tabia yake huijui mpaka ukae naye.

Sasa tazama ziwa letu, Nam Lolwe. Jua likipanda, ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi ikipata joto hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huingia mahali pake. Ndio ule upepo unaotujia mchana. Hewa hiyo imebeba unyevu, nayo ikifika kwenye vilima vya Gwassi au ukingo wa Kanyamwa hulazimika kupanda, hupoa, na kufanya mawingu. Kufika saa tisa alasiri mvua ya ngurumo yaweza kukushukia wewe wa Bonde la Lambwe, na jirani wa ng’ambo asipate hata tone. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba huwapata wavuvi.

Mvua ya namna hiyo yaweza kuja mwezi wowote. Mvua ya msimu ni nyingine. Hiyo hufuata jua, ambalo hupita juu ya ikweta mwezi Machi na tena Septemba, likivuta nyuma yake ukanda mpana wa mawingu. Ndipo tunapata chwiri tangu Machi hadi Mei, na opon tangu Oktoba hadi Desemba.

Mimi nilijifunza tofauti hii kwa hasara. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikijiona najua, nikapanda mahindi Februari baada ya mvua mbili kubwa. Yaliota vizuri, watu wakanisifu. Kisha jua likawaka majuma matatu, na sikubakiwa na kitu ila kwenda kununua mbegu mara ya pili.

Basi mvua ikinyesha, chukua jembe uchimbe. Udongo ukiwa umelowa kina cha vidole viwili tu, ngoja. Ukiwa umelowa karibu shibiri moja, na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa unasema msimu umeanza, panda bila kukawia. (Wako wanaopanda makusudi katika udongo mkavu, hayo ni mashauri ya kuzungumza na Bwana Shamba wako.)

Kuhusu radi nasema kwa ufupi. Uonapo umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikipungua 30, acha jembe uingie nyumbani, wala usijikinge chini ya mti.

Ninyi wa Nyatike mna hatari ya peke yake. Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha, huanzia nyanda za juu za Kisii na Nyamira, huungana na Mto Migori, ndipo huja kwenu. Kwa hiyo mafuriko yaweza kufika siku ya jua kali. Maji yakigeuka rangi na kuanza kuleta magogo, ondoa ng’ombe mara moja. Mwenye ndugu Kisii na ampigie simu kuuliza mvua ya huko. Na ziwa likiwa limejaa, maji ya mto hukosa njia. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ziliinua ziwa, hata kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 likafikia tena kimo kama kile.

Mwisho, jipimie mvua mwenyewe. Mkebe wenye kuta zilizonyooka na rula vyatosha. Milimita 10 katika ekari moja ni karibu lita 40,000, yaani madebe 2,000 ya lita 20! Weka mkebe mahali pa wazi, mbali na mti na paa, upime kila siku saa tatu asubuhi, uandike, kisha umwage maji. Watoto hupenda sana kazi hii, ila mwangalie asiyeona maji akaandika ya kubuni.