Kapteni Alex na Sinema za Wakaliga

Kapteni Alex aliuawa kambini mwake mwaka 2010, na mpaka leo muuaji hajajulikana. Msomaji asishtuke, wala asianze kuuliza marehemu alikuwa wa kikosi gani. Huyu ni askari wa sinema. Filamu yenyewe inaitwa "Who Killed Captain Alex?", yaani "Nani Aliyemwua Kapteni Alex?", nayo ilipigwa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa Rubaga, hapa hapa Kampala. Swali lililomo katika jina lake halijibiwi hata mwisho wa hadithi. Sisi ambao kazi yetu ni kuwaeleza wananchi habari za jeshi tungerudishiwa taarifa ya namna hiyo kabla wino haujakauka. Lakini watazamaji walicheka, wakaomba nyingine.

Mtengenezaji wake ni Bwana Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973, ambaye kabla ya sinema alikuwa akifyatua matofali. Utotoni mwake filamu za Kimarekani alisimuliwa na kaka zake waliokuwa wakizitazama, naye akazijenga upya kichwani. Mwaka 2005 alianzisha kampuni aliyoiita Ramon, jina lililounganishwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Elimu yake ya kompyuta ilitokana na mafunzo aliyoyaacha njiani kwa kukosa karo. Mengine alijifundisha mwenyewe.

Gharama ya Kapteni Alex inatajwa kuwa isiyozidi dola 200 za Kimarekani. Ili msomaji apate kupima, filamu "The Terminator" ya mwaka 1984, ile ya mtu-mashine aliyetoka wakati ujao, iligharimu dola zipatazo milioni 6, na wenyewe huko Hollywood waliihesabu kuwa ya fedha kidogo! Wakaliga hawana milioni. Wanaye Bwana Dauda Bisaso, fundi anayeunganisha vyuma chakavu mpaka vikafanana na bunduki ya rashasha. Damu ni maji yenye rangi nyekundu yaliyotiwa ndani ya mipira ya kiume, ambayo hupasuliwa mchezaji anapopigwa risasi. Moto wa mtutu, helikopta inayoshambulia jiji na majengo yanayolipuka, yote hayo hutiwa baadaye kwa kompyuta, mchezaji akiwa amesimama mbele ya kitambaa cha kijani.

Hapo ndipo palipo na utamu wa filamu za mapigano na za sayansi ya kubuni zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, na si za Wakaliga peke yake. Katika filamu ya mamilioni jicho hudanganywa kabisa, likatulia. Katika hii jicho halidanganyiki. Helikopta inaonekana wazi kuwa ni mchoro, lakini paa za mabati zilizo chini yake ni zile zile tunazopita kila siku tukielekea Nateete. Mtazamaji hushangilia mambo mawili kwa pamoja: jiji linalolipuliwa, na ujasiri wa jirani aliyethubutu kulilipua bila hata senti ya mafuta ya helikopta ya kweli.

Yuko pia vijei, msimulizi ambaye tangu zamani katika vibanda vyetu vya video amekuwa akiwatafsiria watu filamu za kigeni kwa Kiganda na kuongeza ya kwake. Katika Kapteni Alex, VJ Emmie hatafsiri tu. Anachekesha, anasifu, anatabiri nani atakufa. Pale hadithi inapolegea yeye huishika mkono.

Kasoro zipo, na nyingine si za umaskini. Sauti ni mbovu, hilo lasameheka. Bunduki hazina uzito wala msukumo begani, na aliyewahi kukimbia na silaha ya karibu kilo 4 huliona hilo mara moja, nalo lasameheka. Lililonikaa moyoni ni jepesi la kifo. Askari huanguka kumi kwa mpigo, kichekesho kinatolewa, na hakuna anayerudi kuwaokota. Miaka michache baada ya kutoka shule ya kadeti, niliwahi kutumwa pamoja na wenzangu kupeleka habari za msiba nyumbani kwa mama wa askari. Mama yule hakulia kwanza. Aliuliza ni nani aliyemwua mwanawe. Hatukuwa na jibu la kumpa. Katika vita risasi haiandikwi jina la aliyeifyatua. Nilipoisikia mara ya kwanza kadamnasi kibandani ikiangua kicheko kwa swali lile lile, nilitoka nje.

Nilirudi siku nyingine. Waliokuwa wakicheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni vijana watatu niliowafahamu, askari waliokuwa likizo. Bwana Nabwana mwenyewe, aliyekulia katika nchi iliyoona utawala wa Amin mpaka 1979 na vita vilivyofuata mpaka Januari 1986, amesema mara nyingi kwamba anachokitafuta katika mapigano ni kichekesho. Simlaumu. Ila naona angeweza kumpa mmoja tu kati ya wafu wake mtu wa kumwomboleza, na kicheko kisingepungua.

Dunia imekwisha mjua. Tangazo la filamu hiyo lilienea katika intaneti tangu 2010, na mwishoni mwa 2011 Mmarekani Alan Hofmanis alifunga safari kutoka New York kuja kumtafuta, kisha akahamia. Mwaka 2015 Wakaliga waliomba dola 160 kwa umma wa intaneti ili watengeneze filamu nyingine, wakachangiwa zaidi ya dola 13,000. Lakini siku za Kapteni Alex wachezaji walikuwa wakiuza santuri za filamu mlango kwa mlango na kubaki na nusu ya mauzo, wakikimbizana na wanaonakili kwa wizi.

Kompyuta nayo ilikuwa na nafasi ndogo. Filamu ikiisha, ilibidi ifutwe ili inayofuata ipate mahali. Kapteni Alex wa awali alifutwa hivyo. Kilichosalia ni nakala yenye sauti ya vijei, na kwa hiyo mtu anayetaka kumtazama kapteni yule akifa kwa utulivu, pasipo mzaha juu ya maiti yake, hana pa kumpata.