Analia Upesi? Huenda Mtoto Wako ni Mwepesi wa Hisia, Hadeki

Kila muhula unapofunguliwa, walimu wa chekechea hupokea watoto wa kila namna. Yuko anayekimbilia bembea kabla mamake hajageuka kwenda zake. Yuko pia anayeng'ang'ania leso ya mamake, anayeziba masikio kengele ikilia, na anayetokwa na machozi kwa sababu mwenzake ndiye aliyekemewa. Huyu wa pili hupewa majina upesi: mwoga, mlialia, mtoto wa mama. Wengine humwongezea kiboko ili "akomae".

Huenda mtoto huyo hana kosa lolote. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, ambaye kitabu chake kuhusu watu wa aina hii kilitoka mwaka wa 1996, alikadiria kuwa watu 15 hadi 20 katika kila 100 huzaliwa wakiwa wepesi wa hisia. Katika darasa la watoto 40, hao ni watoto 6 hadi 8. Huu si ugonjwa, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni tabia ya kuzaliwa nayo, na wavulana wanayo sawa na wasichana.

Utamtambuaje?

Mtoto huyu hupokea mambo mengi kwa wakati mmoja na kuyatafakari kwa kina. Sare mpya humkera shingoni. Muziki wa matatu humchosha. Baada ya harusi au siku ya soko, hulia bila sababu unayoiona. Mahali pageni husimama pembeni kwanza akitazama. Lakini pia ndiye anayegundua kuwa nyanya ana huzuni kabla hajasema neno, na ndiye anayeuliza maswali yanayowashangaza wakubwa.

Mzazi afanye nini?

Mwandae mapema. Kama kesho ni siku ya chanjo au ya kwenda shule mpya, mweleze leo atakayoyaona. Usimdanganye kwamba sindano haiumi. Mwambie itauma kidogo, kisha itaisha.

Mpe muda wa kutulia. Akirudi kutoka shuleni, mwache akae kimya kwa muda kabla ya kumtuma dukani au kumpa kazi ya ziada. Hata nyumba ya chumba kimoja haikosi pembe ya kukaa. Zima redio kidogo.

Taja anachohisi. "Naona kelele zimekuchosha" humsaidia kuliko "Nyamaza, wewe ni mwanamume." Mvulana anayekatazwa kulia haachi kuhisi. Anachojifunza ni kuficha, na siku akidhulumiwa huenda asimwambie mtu.

Mrekebishe kwa sauti ya chini. Kuwa mwepesi wa hisia hakumpi ruhusa ya kumpiga nduguye wala kukataa shule. Mipaka ibaki palepale. Ila kwa mtoto huyu, neno moja la upole hutosha. Ukimpigia kelele, ataikumbuka hofu na kulisahau kosa.

Usimfungie ndani. Kumwepusha na kila jambo gumu humdhoofisha. Mpeleke kidogo kidogo: leo acheze na mtoto mmoja wa jirani, wiki ijayo na watatu.

Wakati wa kutafuta msaada

Si kila machozi ni wepesi wa hisia. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akibadilika ghafla, akikataa kula, akianza kukojoa kitandani tena au akimwogopa mtu fulani, chunguza kama anaonewa au amedhulumiwa. Asipoongea kama wenzake, asipoitika akiitwa au asipojali watu walio karibu naye, mpeleke kwenye kituo cha afya ili apimwe. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza kukuelekeza. Kwa masuala ya masomo, mwalimu mkuu atakuelekeza kwenye kituo cha tathmini cha EARC.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka wa 2010 iliipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Mzazi anaweza kuzungumza na mwalimu wa mtoto wake na kumweleza tabia yake. Dakika tano siku ya kwanza ya muhula zinaweza kumwepushia mtoto mwaka mzima wa kudhihakiwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inapiga marufuku adhabu za kumuumiza mwanafunzi, za mwili na za kisaikolojia. Kiboko hakiruhusiwi, na kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake pia hakuruhusiwi.

Ukijua mtoto anayeteswa, nyumbani au shuleni, toa taarifa kwa chifu au kwa afisa wa watoto, au piga simu nambari 116. Simu hiyo ni ya bure, na inapokelewa usiku na mchana.