Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu: Namna ya Kumtazama Darasani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza aina za ulemavu zinazoonekana kwa watoto wadogo. Leo tunaingia darasani. Ninalosisitiza ni moja: mwalimu asiyejua kumtazama mtoto hawezi kumsaidia, hata akipewa vifaa vyote.

Elimu maalumu si jambo geni nchini. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Ya viziwi ya Tabora, mwaka 1963. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, Shule ya Msingi Mitindo wilayani Misungwi inajulikana kwa kuwalea na kuwafundisha watoto wasioona na wenye ualbino. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Kwa hiyo mtoto huyu anaweza kuwa katika shule yoyote, upande wa mjini Mwanza au ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, Sengerema. Mwalimu yeyote anaweza kukutana naye.

Kosa kubwa la mtazamaji, awe mwalimu au mwanachuo, ni kuandika hukumu kabla ya tukio. "Mkaidi", "mvivu", "hana akili": haya ni maamuzi, na hayamwelezi mwalimu afanye nini kesho. Andika mambo matatu kwa mfuatano: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Tuseme mvua imeanza kupiga bati. Mtoto akaziba masikio na kujificha chini ya dawati. Alipohamishiwa chumba chenye dari, akatulia. Hapo hatuna mtoto mtukutu. Tuna mtoto anayeumizwa na kelele, jambo linalowapata watoto wengi wenye usonji, na dawa yake ya kwanza ni kumtafutia mahali patulivu.

Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye ualbino. Wengi wao wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza macho. Akikunja uso na kuacha kunakili, tazama kwanza dirisha liko wapi na jua linaingilia upande gani. Kumsogeza mbele karibu na ubao, mgongo wake ukielekea dirishani, hakugharimu hata shilingi. Kwa mtoto asiyesikia vizuri, mtazame mwalimu pia: akizungumza huku ameupa ubao uso, mtoto anayetegemea kusoma midomo amekwisha kuachwa nyuma.

Mtazamaji hukaa pembeni, hapigi picha, hanong'oni kuhusu mtoto mbele ya wenzake. Haji mara moja tu, maana mtoto aliyekuja na njaa asubuhi moja si yule wa siku nyingine. Na huandika pia anachoweza mtoto: nani humchagua kucheza naye, kazi ipi huishughulikia bila kuambiwa. Kutazama hivi si jambo jipya: Maria Montessori, daktari wa Italia, alianza kwa kuwatazama watoto wenye ulemavu wa akili jijini Roma. Aliyojifunza kwao ndiyo aliyoyapeleka mwaka 1907 katika shule yake ya kwanza ya watoto wadogo, na leo yanafuatwa hata katika shule za awali za Tanzania.

Ninawasihi walimu na wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha: kabla ya kumpa mtoto jina la ulemavu, jazeni ukurasa mzima wa mliyoyaona. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto haitiki akiitwa au anakaribia mno kila anachokitazama, msingoje afikishe umri wa darasa la kwanza. Mpelekeni kituo cha afya akapimwe masikio na macho, na ikibidi mwombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kisha mwambieni mwalimu mliyoyaona nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemtazama mtoto huyo kwa muda mrefu kuliko ninyi.